Karatasi Niliyomwandikia Mume Wangu

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, moto wa mlima wa volkano ulipita mtaa wetu wa Murara ukachukua nyumba yetu ya mbao, cherehani ya mume wangu, mifuko miwili ya maharagwe, na daftari lake. Nalitaja daftari mwisho kwa sababu siku ile mimi mwenyewe nililiweka mwisho.

Mume wangu alikuwa mshonaji, lakini watu wa mtaa hawakumjua sana kwa nguo. Walimjua kwa maneno ya matanga. Kwetu Goma, kabla sanduku halijashushwa kaburini, lazima mtu mmoja asimame atoe neno la familia: marehemu alizaliwa wapi, aliishi vipi, ameacha nani, familia inamshukuru nani. Si kila nyumba ina mtu wa kusimama. Nyumba isiyokuwa naye ilikuja kwetu. Mume wangu aliwaketisha kwenye benchi la wateja, akawauliza polepole, akaandika katika daftari, na siku ya maziko alisimama na daftari lile mkononi akasoma. Hakuwa na sauti kubwa, ila ilifika hadi kwa watu wa nyuma kabisa.

Siku ile watu walipoanza kupita mbio na magodoro kichwani, aliniita kutoka nje.

"Mama, chukua kaye yangu! Iko juu ya kabati!"

Mtoto wetu wa pili alikuwa mgongoni mwangu, ana miaka minne, mzito. Binti yetu mkubwa nilikuwa nimemshika mkono. Nilipapasa juu ya kabati, nikashika daftari, nikalitia ndani ya sufuria, tukatoka. Tulitembea na umati mpaka ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Huko ndiko alikolifungua. Lilikuwa daftari la hesabu la binti yetu. Aliangalia zile jumlisha na toa ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta kitu ndani yake, halafu akacheka.

"Haiko neno," akasema. "Byote biko kwa kichwa."

Sijawahi kumwambia kwamba juu ya kabati kulikuwa na madaftari mawili. Nililigusa la pili. Nikachukua la juu kwa sababu lilikuwa juu.

Tuliporudi, ardhi ilikuwa bado na joto chini ya viatu. Mahali pa nyumba hatukupatambua. Tulihamia Mabanga, tukajenga upya juu ya mawe, na matanga ya kwanza yalipokuja mume wangu alisimama bila kitu mkononi. Nakumbuka mikono yake ilivyohangaika. Aliitia mfukoni, akaitoa, mwishoni akaishika mgongoni kama mwanafunzi. Lakini alisema vizuri kuliko siku zote, na wanawake walilia kilio cha kweli, si kile cha kusaidiana. Tangu siku hiyo hakutaka tena karatasi. Akimwona mtu kwenye maziko anasoma huku ameinamisha kichwa, aliniambia sikioni:

"Sikia ule. Anasoma marehemu kama bei ya makala." Makala kwetu ni mkaa wa kupikia.

Mwaka 2012, waasi walipoingia mjini, alikufa jirani yetu mmoja, na haikuwa kwa ugonjwa. Kabla ya maziko alikuja kijana wa utawala mpya, amevaa koti zuri, akamwomba mume wangu ile diskuru, hotuba yake, aiangalie kwanza.

"Sina karatasi," mume wangu akasema.

"Utasema nini sasa, muzee?"

"Nitajua nikisimama."

Kijana alikuna shingo. "Mutu anasema bila karatasi, tutamusahihisha namna gani?"

Basi akaenda mpaka makaburini, akasimama bega kwa bega na mume wangu, na mume wangu alisema kwamba marehemu ameondoka kwa ugonjwa wa wakati huu. Watu walielewa. Wengine baadaye walimsifu kwa ujanja. Yeye hakujisifu. Nyumbani alivua viatu akasema, "Leo nimesema uongo. Afazali hakuna penye uliandikwa."

Mtoto wetu wa pili alikua, akawa fundi wa simu, baadaye akaoa akapata watoto wawili. Alikuwa na kibanda chake hapo Mabanga, kibanda cha mabati chenye televisheni ndogo, na baba yake alipenda kwenda kukaa kule jioni. Jioni moja niliwakuta wanamtazama rais wa nchi moja kubwa ya mbali akihutubia. Mume wangu alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Angalia huyu! Saa nzima, na haangalie karatasi hata mara moja. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Huyu ni mwanaume."

"Papa," mtoto akasema, bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua, "kunakuwaka vioo mbele yake. Viwili. Maneno inapanda mule, yeye anasoma. Sisi huku hatuone."

"Vioo?"

"Vioo, papa."

"Basi iko anasoma?"

"Anasoma."

"Muongo."

"Nani? Miye ao yeye?"

"Nyinyi bote mbili."

Tulicheka wote, hata mteja aliyekuwa anasubiri simu yake. Lakini njiani kurudi nyumbani mume wangu alisema tu kwamba inasikitisha, mtu mwenye sauti kama ile kuhitaji kusoma.

Sijui ni siku gani hasa alipoanza kusahau. Nadhani ilianza kwenye nguo, maana alishona mikono miwili ya shati upande mmoja, akamkasirikia mwenye shati. Kisha akaanza kunitafuta nikiwa nimekaa mbele yake. Muuguzi wa kituo cha afya alituambia ni umri, apunguze chumvi. Nikapunguza chumvi.

Siku moja, kwenye maziko ya mama mmoja muuza unga, alisalimu watu vizuri, akataja mahali marehemu alipozaliwa, halafu akanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa chini mbele na wanawake wenzangu. Nilimwona akiangalia watu mmoja mmoja mpaka akanifikia. Midomo yangu ikasema yenyewe, bila sauti: *ameacha watoto watano*. Akalichukua neno lile akaendelea, na hakuna aliyeona.

Kuanzia hapo ndivyo tulivyofanya. Familia zilipokuja kumweleza habari za marehemu wao, mimi nilikaa nyuma ya pazia nikasikiliza, nikashika majina, vijiji, miaka. Siku ya maziko niliwahi mapema nipate nafasi ya mbele, kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikuwa bora. Akikwama, alinitazama. Nilimpa neno. Nilimpa na mengine: nilivuta pumzi ili naye avute, niligeuza uso ili ageukie upande wa wanaume, nilifumba macho nikitaka anyamaze kidogo. Mimi sijawahi kuweza kusema mbele ya watu. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, na hata siku ya ndoa yangu padri alinirudishia swali mara tatu ndipo likasikika jibu. Lakini midomo bila sauti niliiweza. Miaka minne tulifanya hivyo, na mimi na mume wangu hatukulizungumza jambo hilo hata mara moja.

Mtu mmoja tu aligundua. Tulikuwa tunatoka Majengo, kwenye matanga, na mtoto wetu akapunguza mwendo ili baba yake atangulie.

"Mama, nimeona midomo yako. Wewe njo kioo ya papa."

"Funga kinywa."

"Nafunga. Lakini siku ingine usikule karanga pale mbele. Papa ataambia batu marehemu alikuwa karanga."

Nilimpiga begani na mkono. Nilicheka mpaka nikajifunika uso, na baba yake aligeuka akauliza nani amekufa tena.

Mwaka 2021 mlima uliwaka tena, tukakimbilia Sake kwa miguu pamoja na mji mzima. Njiani, katikati ya watu, mume wangu alinishika kitenge akaniuliza kama nimechukua kaye yake. Nilimwambia ndiyo. Akatembea vizuri baada ya hapo.

Mwisho wa Januari 2025 mji ulichukuliwa tena. Nimeona wakuu wengi wakiingia na kutoka hapa, sitaki kueleza hao ni akina nani na wale ni akina nani, wengine watalieleza hilo vizuri kuliko mimi. Mimi najua kwamba maji yalikatika, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtoto wetu akachukua bidoni mbili za kuchotea maji akaenda ziwani na jirani yake. Bomu lilianguka kabla hawajafika. Jirani alirudi. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama pale ameshika bidoni moja tupu.

Mtoto wetu alikuwa na miaka ishirini na saba.

Hatukuweza kumzika mara moja. Kulikuwa na maiti wengi na makaburi yalihitaji mpango. Binti yetu mkubwa, aliyeolewa Butembo, alishindwa kuja kwa sababu barabara ilifungwa. Mdogo wa mume wangu ndiye aliyetafuta sanduku, akatafuta gari, akaja kutuketisha.

"Yaya," akamwambia mume wangu, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "neno la familia nitatoa miye. Wewe ni baba. Baba anakaaka."

Siku hiyo mume wangu alikuwa macho kabisa. Zilikuwepo siku kama hizo.

"Nimesemea batoto ya batu yote hapa Mabanga," akasema. "Wangu njo nitamunyamazia?"

"Haiko vile..."

"Ni vile."

Shemeji alinifuata nje, nyuma ya nyumba. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, yaya ataweza?"

Nilipaswa kusema hapana. Lakini nikisema hapana, ningelazimika kueleza miaka minne, na kila nyumba aliyoisemea ingejua maneno yale yalitoka wapi. Na nilijua yeye alitaka nini. Alitaka mtoto wake aondoke kwa kinywa cha baba yake. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Ataweza," nikasema.

Nilikuwa najua jambo ambalo shemeji hakulijua. Kwetu, mama wa marehemu hana nafasi ya mbele. Anakaa chini kwenye mkeka, nyuma, amefunikwa kitenge kichwani, wanawake wamemzunguka, na hafunuliwi mpaka kaburi lijae. Mume wangu angesimama pale na asinione.

Ndiyo sababu niliandika. Asubuhi ya maziko nilichukua karatasi mbili za miraba na kalamu ya biki, nikakaa juu ya ndoo jikoni. Miwani yake ilikuwa imepotea siku zile za kukimbia risasi, kwa hiyo niliandika herufi kubwa, mistari michache. Niliandika salamu. Niliandika mtoto alizaliwa wapi. Niliandika jina lake, na la mke wake, na majina ya watoto wake wawili. Na katikati niliandika yale mengine niliyozoea kumpa kwa midomo: wapi avute pumzi, wapi ageuke, lipi asiulize. Sikuweka alama ya kutenganisha maneno ya watu na maneno yake. Kwa miaka minne yalitoka pamoja, sikufikiri kwamba ni vitu viwili.

Nilipompa aliiangalia karatasi kisha akaniangalia mimi.

"Unataka nisome mutoto wangu kama bei ya makala?"

"Iweke tu mufukoni, papa. Kama maneno itakimbia."

"Kwangu haikimbiake."

Lakini aliitia katika mfuko wa juu wa koti. Nafikiri aliitia ili nisilie.

Makaburini tulikuta familia nyingine nne zinasubiri na masanduku yao. Ardhi ya huko ni mawe meusi matupu, inavunjwa kwa mtaimbo, kaburi moja linachukua nguvu za watu wengi, na wachimbaji walikuwa wamechoka. Yule aliyekuwa anaongoza mambo, protokole wetu, alisema kila mtu awe mfupi. Nilikalishwa kwenye mkeka. Wakanifunika. Chini ya kitenge niliona miguu ya watu na kipande cha sanduku.

Nilimsikia mume wangu akianza. Salamu kwa padri, salamu kwa wazee, salamu kwa majirani. Sauti yake ilikuwa nzuri, ile ile. Nilijikuta navuta pumzi chini ya kitenge.

Kisha kimya.

Kisha salamu kwa padri, salamu kwa wazee, salamu kwa majirani.

Nikajua ananitafuta. Nilijua hata macho yake yako wapi, kule mbele, upande wa kushoto, kwenye nyuso za wanawake wa watu. Nilianza kuinuka. Mkono ukanikamata begani, mwingine kiunoni.

"Hapana, mama. Tulia, mama."

"Muniache nisimame."

"Anataka kujitupa mule ndani! Mumushike muzuri!"

"Sijitupe. Muniache baba yao anione."

"Muangalie Yesu, mama. Kaa, mama yetu, kaa."

Walikuwa wema. Walikuwa wanafanya kile ninachofanya mimi kwa mama mwingine, kwa mikono ile ile. Mmoja alianzisha wimbo ili kunituliza, na ule wimbo ukafunika sauti ya mume wangu alipoanza salamu mara ya tatu. Nilivuta kitenge, wakakirudisha. Nilisema midomo ikiwa wazi, kwa sauti, mimi nisiyeweza kusema mbele ya watu: *alizaliwa Murara, sema alizaliwa Murara*. Wakadhani nalia.

Wimbo ulipokwisha nilimsikia anasema, kwa upole kabisa, kama anayeomba radhi kwa niaba ya mgeni aliyechelewa:

"Tungoje kidogo. Mutoto wangu mwanaume hajafika. Alienda kutafuta maji."

Watu walinung'unika. Mmoja wa wachimbaji alisema jua linakwenda. Ndipo shemeji akafanya alichofanya, na simlaumu, angeweza kufanya nini kingine. Aliona pembe ya karatasi katika mfuko wa koti la kaka yake. Akaitoa, akaifungua, akasema, "Basi nitasoma kile yaya aliandika."

Shemeji ni msomaji kanisani. Husoma kwa nguvu na haruki neno. Alisoma salamu. Alisoma kwamba mtoto alizaliwa Murara, kwamba mlima ulimkuta ana miaka minne mgongoni mwa mama yake. Na bila kusimama akasoma:

"Hapa pumua."

Hakuna aliyeshangaa. Nafikiri walidhani ni maneno ya kuwafariji watu. Akaendelea:

"Geuka kwa wanaume. Taja mke wake. Usiulize kama mtoto amefika. Hatafika. Ni yeye yuko ndani ya sanduku."

Hapo akakatika. Mikono ya wanawake juu yangu ililegea yote kwa mara moja, na ningeweza kusimama wakati ule. Sikusimama. Nilikuwa nasikia watu wanavyoelewa. Nilisikia na kile walichokuwa wanakihesabu nyuma: matanga ya mwaka jana, ya mwaka juzi.

Shemeji alikohoa. Sijui kwa nini hakuacha. Labda aliona kwamba huwezi kusoma nusu ya karatasi ya marehemu halafu ukaikunja. Aliendelea, na sasa alisoma polepole, akigeukia upande wa kaka yake, kana kwamba amekwisha kujua karatasi ile iliandikiwa nani.

"Ameacha mke na watoto wawili. Alikuwa fundi wa simu. Alikuwa anakuchekesha. Hapa pumua tena."

Nilishusha kitenge mwenyewe. Hakuna aliyenizuia. Nilimwona mume wangu mbele ya sanduku, mikono mgongoni, anamsikiliza mdogo wake kwa makini sana, na aliposikia neno lile alivuta pumzi, kifua kikapanda, akaitoa.

"Shukuru majirani," shemeji akasoma.

"Aksanti, majirani," mume wangu akasema.

"Shukuru waliochimba."

"Aksanti, wachimbaji."

"Muage mtoto."

Mume wangu aliliangalia sanduku. Alifungua kinywa, akakifunga. Shemeji alimngoja. Padri alimngoja, na familia zile nne pia. Akanitazama mimi, maana sasa uso wangu ulikuwa wazi, na mimi midomo yangu haikuwa na neno. Nilitafuta. Nakiri mbele ya kila mtu kwamba nilitafuta na sikupata hata moja.

Protokole alimgusa shemeji kwenye kiwiko. Ulibaki mstari mmoja chini ya karatasi ya pili, na shemeji akausoma.

"Sasa kaa chini."

Mume wangu alitafuta kiti nyuma yake. Hakukuwa na kiti. Akakaa juu ya rundo la mawe yaliyotolewa kaburini, akaweka mikono magotini. Wachimbaji walimngoja kidogo ainuke, hakuinuka, basi wakashusha sanduku na kuanza kujaza kutoka upande mwingine.